Serikali, Kazi na Utu wa Mtu: Somo la Mdororo Mkuu wa Uchumi

Kitabu cha Mwanzo kinatusimulia habari za Yosefu mwana wa Yakobo, aliyemshauri Farao aweke akiba sehemu ya tano ya mavuno ya nchi ya Misri katika miaka saba ya shibe, ili watu wasiangamie katika miaka saba ya njaa (Mwa 41). Mara nyingi tunaishia hapo, tukimsifu Yosefu kwa hekima yake. Lakini tukisoma mbele hadi sura ya 47 tunakuta jambo linalotia uchungu. Watu walinunua nafaka ile kwa fedha zao. Fedha ilipokwisha wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba yao, na mwishowe wakajitoa wao wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Waliokolewa na njaa, ila wakapoteza ardhi na uhuru wao.

Habari hii imebeba maswali mawili ambayo Mafundisho Jamii ya Kanisa hayajaacha kuyauliza hadi leo. La kwanza: je, mwenye mamlaka anaweza kukaa kimya wakati wananchi wake wanaangamia? La pili: je, akishawasaidia, atawaacha wakiwa watu huru wanaosimama kwa miguu yao, au atawafanya kuwa mali yake?

Katika makala hii tunapenda kuyatafakari maswali hayo kwa kuangalia tukio moja la historia, yaani juhudi za serikali ya Marekani kuinua uchumi ulioanguka katika miaka ya 1930. Tumelichagua tukio hili kwa sababu kumbukumbu zake ziko wazi, mafanikio pamoja na makosa; na tena kwa sababu Kanisa lilikuwemo ndani yake, kuanzia waraka wa Baba Mtakatifu hadi kazi ya padre mmoja aliyekuwa mwalimu wa seminari.

Mdororo Mkuu ulikuwa nini?

Mwezi Oktoba 1929 bei za hisa katika soko la New York zilianguka ghafla. Anguko hilo ndilo linalokumbukwa zaidi, lakini ugonjwa wenyewe ulienea polepole kwa miaka mitatu na zaidi iliyofuata. Kati ya mwaka 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifungwa. Uzalishaji wa bidhaa na huduma ulipungua kwa zaidi ya robo. Ilipofika mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, yaani watu wapatao milioni 13.

Ilikuwaje nchi yenye mashamba makubwa, viwanda vipya na watu wenye bidii ifikie hali hiyo? Hapakuwa na vita wala ukame wa nchi nzima uliouanzisha mdororo huo. Mashine zilikuwepo, mikono ilikuwepo, na wenye kuhitaji viatu, nguo na mikate walikuwepo. Kilichokatika ni kamba iliyowaunganisha. Tunaweza kuona mahali patatu ilipokatika.

Mahali pa kwanza ni matumizi. Fedha anayotumia mtu mmoja ndiyo mapato ya mwingine. Mfanyakazi wa kiwanda cha magari akihofia kuachishwa kazi, haagizi viatu vipya. Fundi viatu akikosa wateja, anamwachisha kazi msaidizi wake. Msaidizi naye haendi tena kwa kinyozi. Kila mmoja wao anafanya jambo la busara kwa nyumba yake, maana kubana matumizi wakati wa mashaka ni fadhila. Lakini wote wakibana kwa wakati mmoja, kila mmoja anamnyima mwenzake riziki, na mwisho wote wanakuwa maskini zaidi kuliko walivyoanza.

Mahali pa pili ni benki. Benki haifungii sandukuni fedha zote za wateja wake, bali huzikopesha. Kwa hiyo hata benki nzuri haiwezi kuwalipa wateja wote wakija siku moja. Uvumi ukienea kwamba benki fulani inayumba, watu hukimbilia mlangoni, na mbio hizo zenyewe zinaiangusha. Benki ikianguka, akiba ya familia inapotea, na mfanyabiashara mwaminifu aliyezoea kukopa ili alipe mishahara hapati tena pa kukopa.

Mahali pa tatu ni madeni. Bei zilishuka, lakini madeni hayakushuka. Ngano iliyouzwa kwa zaidi kidogo ya dola 1 kwa busheli (kama kilo 27) mwaka 1929, mwaka 1932 iliuzwa chini ya senti 40. Mkulima aliyekopa dola 1,000 katika siku njema alihitaji kuuza karibu busheli 1,000 ili alipe; sasa alihitaji zaidi ya busheli 2,500. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alivuna kama zamani, akapoteza shamba.

Rais Herbert Hoover hakukaa bure kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kukopesha benki na makampuni ya reli. Hata hivyo aliamini kwamba msaada wa moja kwa moja kutoka serikali kuu kwenda kwa mtu asiye na kazi ungeua moyo wa kujitegemea. Kazi hiyo aliiachia kwa sehemu kubwa mifuko ya hisani, parokia, miji na majimbo. Lakini hao nao walikuwa wamekaukiwa. Mji ambao watu wake hawana mapato hauna kodi ya kukusanya, na parokia ambayo waamini wake wamefukuzwa kazi haina sadaka ya kugawa. Wakati ule ule sheria ya mwaka 1930 iliyopandisha ushuru wa bidhaa kutoka nje ilizifanya nchi nyingine zilipe kisasi, na biashara ya dunia ikazidi kunyauka.

Sauti ya Kanisa katika giza hilo

Tarehe 15 Mei 1931, miaka 40 kamili tangu Papa Leo XIII alipochapisha waraka wake wa Rerum Novarum, Papa Pio XI alitoa Waraka wa Kitume uitwao Quadragesimo Anno. Ndani yake alikemea pande mbili. Alikemea mfumo unaorundika mali na mamlaka ya uchumi mikononi mwa wachache, ambao hata hukopesha na kunyima mikopo wapendavyo kana kwamba wameshika pumzi ya jamii nzima. Alikemea pia dola inayotaka kumeza kila kitu. Tusisahau kwamba aliandika akiwa Roma, chini ya utawala wa Mussolini, na kwamba mwezi uliofuata ilimbidi atoe waraka mwingine kuitetea Aksyo Katoliki dhidi ya utawala huo.

Katika waraka huo ndimo ilimoelezwa bayana kanuni auni. Kanuni hiyo yafundisha kwamba ni kosa kumnyang'anya mtu jambo analoweza kulifanya kwa juhudi yake na kulikabidhi kwa jumuiya; vivyo hivyo ni kosa kwa jumuiya kubwa kuichukulia jumuiya ndogo kazi inayoiweza. Wapo wanaoisoma kanuni hii kana kwamba inasema tu: serikali ikae mbali. Huo ni usomaji wa nusu. Neno la Kilatini subsidium, ambalo ndilo mzizi wa kanuni hii, maana yake ni msaada, na katika jeshi la Warumi liliwataja askari wa akiba waliosimama nyuma ya mstari wa mbele. Askari wa akiba hawapigani badala ya wenzao kila siku. Lakini mstari wa mbele ukivunjika nao wakabaki wamesimama wakitazama, hao si askari tena, ni wasaliti.

Miezi michache baadaye, tarehe 2 Oktoba 1931, Papa Pio XI alitoa waraka mwingine mfupi, Nova Impendet, kuhusu ukosefu wa ajira. Aliwaita waamini kwenye vita vitakatifu vya mapendo kwa ajili ya wasio na kazi na hasa watoto wao, akasikitikia pia fedha nyingi zilizokuwa zikimwagwa kwenye silaha.

Maneno ya Roma yalisikika mbali. Mwezi Oktoba 1932 Franklin Roosevelt, akigombea urais, alihutubia mjini Detroit na kuutaja waraka wa Quadragesimo Anno mbele ya umati. Yeye hakuwa Mkatoliki. Lakini Marekani tayari ilikuwa na mtu aliyekuwa ameandaa udongo huo kwa miaka mingi, naye ni Monsinyori John Ryan.

Ryan alizaliwa mwaka 1869 katika familia ya wakulima jimboni Minnesota. Alipadrishwa mwaka 1898, akafundisha Teolojia ya Maadili katika seminari ya Mtakatifu Paulo, ile ile aliyosomea. Mwaka 1906 alichapisha kitabu kuhusu ujira wa kuishi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mfanyakazi ana haki ya mshahara unaomwezesha yeye na familia yake kuishi maisha yanayostahili binadamu, na haki hiyo haitokani na huruma ya tajiri bali na utu aliopewa na Mungu. Mwaka 1919 maaskofu wa Marekani walitoa programu ya kuijenga upya jamii baada ya vita, iliyoandikwa na Ryan, ikidai sheria ya kima cha chini cha mshahara na bima dhidi ya ugonjwa, ukosefu wa kazi na uzee. Wakati huo wengi waliiona kama ndoto ya hatari. Kwa Ryan, haki na uchumi vilikutana mahali pamoja: wafanyakazi wasipolipwa vya kutosha, hawawezi kununua wanachokizalisha, na viwanda vyenyewe vitakosa wateja. Mdororo ulimpa ushahidi ambao asingependa kuupata.

Kwanza benki

Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, siku ambayo benki katika majimbo mengi zilikuwa zimefungwa au zimewekewa mipaka. Siku mbili baadaye benki zote nchini zilifungwa kwa amri yake. Tarehe 9 Machi Bunge lilipitisha sheria ya dharura iliyoruhusu benki zikaguliwe, zile nzima zifunguliwe na zilizooza zisifunguliwe. Jumapili tarehe 12 Machi rais aliongea na wananchi kwa redio, akawaeleza kwa lugha ya kawaida benki inavyofanya kazi na kwa nini fedha zao zingekuwa salama. Kesho yake milango ilipoanza kufunguliwa, watu walipanga foleni, safari hii kurudisha fedha walizokuwa wamezificha majumbani.

Mwaka huo huo iliundwa bima ya amana, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1934 kwa kumlinda kila mwekaji hadi dola 2,500. Idadi ya benki zilizoanguka ilishuka sana, kutoka karibu 4,000 katika mwaka 1933 pekee hadi chache kwa mwaka. Kama mjane anajua kwamba akiba yake italipwa hata benki ikifa, hana sababu ya kukimbia na benki haifi kwa sababu ya mbio. Leo nchi nyingi zina bima kama hiyo, Tanzania na Kenya zikiwemo.

Serikali pia iliachana na kanuni ya kufunga thamani ya dola kwenye dhahabu kwa kiwango cha zamani. Bei rasmi ya dhahabu ilipandishwa kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi mwezi Januari 1934. Fedha ikaongezeka katika mzunguko, bei za mazao zikaacha kuporomoka, na mzigo wa madeni ukapungua. Wanauchumi wengi wanaiona hatua hii, isiyo na shangwe wala picha, kuwa miongoni mwa zile zilizosaidia zaidi.

Kisha kazi

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1933 mamilioni ya watu walikuwa wakiomba jembe, na mwenye majembe hakuwepo. Kanisa limefundisha daima kwamba kukosa kazi si kukosa mshahara tu. Baba aliyezoea kuleta unga nyumbani, akianza kurudi mikono mitupu, hupoteza kitu ambacho bakuli la supu haliwezi kumrudishia. Tukumbuke wale vibarua katika mfano wa Bwana wetu, waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja. Walipoulizwa sababu, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri (Mt 20). Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwapeleka shambani.

Programu za kazi za serikali ya Roosevelt zilijaribu kufanya vivyo hivyo. Kikosi cha vijana cha hifadhi ya misitu na ardhi kilianzishwa majira ya kuchipua ya mwaka 1933. Kijana alipata chakula, malazi na dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 kati ya hizo zilitumwa kwa wazazi wake. Hadi mwaka 1942 vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepitia makambi hayo, wakipanda miti, kuzuia mmomonyoko wa udongo na kutengeneza hifadhi za taifa. Majira ya baridi ya 1933 hadi 1934, programu ya dharura iliyosimamiwa na Harry Hopkins iliwapa kazi zaidi ya watu milioni 4 ndani ya miezi michache. Mwaka 1935 ikaja programu kubwa zaidi, iliyodumu hadi 1943 na kuajiri kwa nyakati tofauti watu wapatao milioni 8.5. Walijenga barabara zenye urefu wa zaidi ya kilomita milioni 1 na majengo ya umma zaidi ya 100,000, yakiwemo mashule na zahanati. Hata waandishi, wanamuziki na wachoraji waliajiriwa.

Kugawa chakula kungekuwa rahisi zaidi kwa hazina. Hopkins alishikilia kwamba ni afadhali gharama ya juu inayomwacha mtu na heshima yake. Hapo, tunadhani, kanuni auni ilionekana kwa vitendo: serikali haikumlisha tu baba wa familia, bali ilimwezesha kuilisha familia yake mwenyewe.

Mwisho, sheria za kudumu

Mwaka 1935 ulileta sheria mbili kubwa. Ya kwanza, ya mwezi Julai, iliwahakikishia wafanyakazi haki ya kuunda vyama vyao na kujadiliana na waajiri; haki ambayo Papa Leo XIII aliitetea tangu mwaka 1891. Ya pili, iliyotiwa saini tarehe 14 Agosti, iliweka pensheni ya uzeeni na bima kwa waliopoteza kazi. Msukumo mkubwa wa sheria hii ulitoka kwa Waziri wa Kazi, Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya nchi hiyo. Mwaka 1938 ikafuata sheria ya kima cha chini cha mshahara, kikianza na senti 25 kwa saa. Ndoto nyingi za programu ya maaskofu ya mwaka 1919 zilikuwa zimeingia katika vitabu vya sheria. Mwezi Januari 1937, Roosevelt alipoapishwa kwa mara ya pili, aliyetoa sala ya baraka alikuwa Monsinyori Ryan, padre wa kwanza Mkatoliki kufanya hivyo katika sherehe hiyo.

Ilipokosewa

Ukweli watudai tuseme na upande wa pili. Ili kupandisha bei za mazao, serikali iliwalipa wakulima wapunguze uzalishaji. Mwaka 1933 nguruwe wapatao milioni 6 walichinjwa kabla ya kukomaa, na pamba iliyokwishaota ikalimwa chini, huku kukiwa na wenye njaa na wasio na nguo. Mbaya zaidi, malipo yalikwenda kwa mwenye ardhi. Katika majimbo ya Kusini wapangaji maskini waliolima kwa kugawana mavuno, wengi wao Wamarekani weusi, walifukuzwa kwenye mashamba kwa sababu mwenye shamba sasa alilipwa ili asilime. Msaada uliotolewa kwa jina la mkulima ulimfukuza mkulima.

Mpango wa viwanda nao ulizaa mamia ya kanuni za bei na uzalishaji, ambazo kampuni kubwa zilizitumia kuwabana wadogo. Mahakama ya Juu iliubatilisha mwezi Mei 1935, na mpango wa kwanza wa kilimo ukabatilishwa Januari 1936. Na ile sheria nzuri ya pensheni iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Hao ndio waliokuwa maskini kuliko wote, na kwa mara nyingine Wamarekani weusi wengi wakabaki nje ya uzio.

Wala mdororo haukuisha upesi. Ukosefu wa ajira ulishuka hadi kama asilimia 14 mwaka 1937. Hapo serikali ikadhani mgonjwa amepona: ikapunguza matumizi, na Benki Kuu ikabana fedha. Uchumi ukaanguka tena, na mwaka 1938 ukosefu wa ajira ukapanda hadi karibu asilimia 19. Kupona kabisa kulikuja na ajira na viwanda vya Vita Kuu ya Pili, jambo ambalo hakuna Mkristo anayeweza kulifurahia. Kama fedha zilipatikana kwa ajili ya vifaru, kwa nini hazikupatikana mapema kwa ajili ya mashule?

Wakatoliki hawakuwa na sauti moja

Wapo wanaofikiri kwamba Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatoa jibu moja kwa kila sera. Historia hii inakanusha. Padre Charles Coughlin wa Michigan, aliyesikilizwa na mamilioni kwa redio, kwanza alimuunga mkono Roosevelt kwa nguvu, kisha akawa adui yake mkali, na mwishowe mahubiri yake yakajaa chuki dhidi ya Wayahudi. Hilo ni onyo kwetu sote tunaojiandaa kushika kipaza sauti: uchungu wa maskini ni mtaji rahisi kwa anayetafuta wa kumlaumu.

Njia nyingine ilikuwa ya Dorothy Day. Tarehe 1 Mei 1933 yeye na Peter Maurin walianza kuuza gazeti lao jijini New York kwa senti moja, kisha wakafungua nyumba za ukarimu walimokaa pamoja na maskini. Walikuwa na wasiwasi na serikali kubwa. Waliamini kwamba tendo la huruma haliwezi kukabidhiwa ofisi, na kwamba kila Mkristo ana mgeni wake wa kumfungulia mlango. Ryan alitafuta sheria. Day alitafuta ndugu. Sisi hatuoni sababu ya kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Nyumba ya ukarimu haiwezi kuweka bima ya amana kwa taifa zima, na hazina ya taifa haiwezi kukaa kitandani pa mgonjwa na kumshika mkono.

Mizani ya kupimia

Mdororo ule ulifika hata kwetu. Bei za mkonge, kahawa na pamba zilianguka, lakini kodi ya nyumba na ya kichwa iliendelea kudaiwa. Serikali ya Tanganyika iliwahimiza wananchi walime mazao zaidi ya kuuza, ili kodi ilipike. Kenya ilianzisha mwaka 1931 benki ya ardhi iliyowakopesha walowezi wa Kizungu. Kumbe serikali ya kikoloni nayo iliingilia uchumi. Tofauti ilikuwa ni kwa ajili ya nani, na mkulima Mwafrika hakuwa na kura ya kuuliza.

Kwa hiyo swali la kama serikali iingilie au isiingilie halitoshi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba dola inaweza kuingilia kati katika hali za pekee kwa ajili ya mafao ya wengi, ila hatua hizo ziwe fupi kadiri inavyowezekana, zisije zikayanyang'anya makundi ya jamii kazi zake daima. Kutokana na historia tuliyoiona, tunapendekeza maswali manne kwa yeyote anayetaka kuipima sera ya kuinua uchumi.

Kwanza, je, jumuiya ndogo zimeshindwa kweli, au zimenyimwa nafasi? Pili, je, msaada unamfikia aliye chini kabisa, au unaishia kwa mwenye ardhi na mwenye kampuni? Tatu, je, unamwacha mtu akiwa na kazi, chama, akiba na sauti, au unamwacha akiwa ombaomba wa ofisi? Nne, je, waliowekewa mpango huo wanaweza kuukosoa, kuupeleka mahakamani na kuubadilisha kwa kura?

Tukiyatumia maswali hayo, bima ya amana na kikosi cha vijana vinafaulu vizuri. Malipo ya kutolima yanaanguka katika swali la pili. Na mpango wa Yosefu kule Misri, pamoja na hekima yake yote, unaanguka katika la tatu na la nne. Watu wa Misri walishukuru kwa kuokolewa, lakini kizazi kilichofuata kilimkuta Farao akiwa na ardhi yote mikononi mwake. Na alipotokea Farao mwingine asiyemjua Yosefu, wa kwanza kuonja ubaya wa mamlaka hiyo walikuwa wajukuu wa Yakobo wenyewe.

Padre wa parokia si waziri wa fedha, wala haitwi kuwa hivyo. Lakini siku moja atakuja kijana aliyeachishwa kazi, akae mbele yake na kuuliza kama Mungu anajali. Itakuwa vema padre huyo amsikilize kwanza, amtafutie chakula cha jioni, kisha awe na ujuzi wa kutosha kutambua kwamba kijana yule hakukosa kazi kwa sababu ya dhambi yake, na ujasiri wa kutosha kuwaambia hivyo wale wenye uwezo wa kubadilisha jambo.